Sonmati Akataa Kutukana

Kwa Sonmati Devi, harusi bila matusi haikuwa harusi. Katika vijiji vya Siwan, jimboni Bihar, India, watu wa bwana harusi wakiketi kula, wanawake wa upande wa pili huwaimbia matusi: mjomba bahili, baba mwenye kitambi, shangazi aliyetoroka na muuza bangili. Anayetajwa hucheka na kuomba mtindi zaidi. Asiyetajwa hununa, maana amedharauliwa. Sonmati ndiye aliyekuwa bingwa wa nyimbo hizo.

Kisha ukavuma wimbo mmoja wa kijana wa mjini, uliotaja jina la Juhi. Ulivichambua viungo vya huyo Juhi kama nyama buchani. Magazetini wakubwa walibishana kama upigwe marufuku au la. Akina Juhi walikuwa wengi Bihar, na mmoja wao alikuwa mjukuu wa Sonmati. Wavulana wenye baiskeli wakawa wanamsindikiza kwa wimbo huo hadi langoni mwa shule, mpaka akaacha kwenda.

Siku dada yake alipoolewa, msafara wa bwana harusi uliingia na gari la spika, na wimbo ukiwa ndio huohuo. Juhi, aliyekuwa akigawa maji, akaweka jagi chini na kukimbilia jikoni.

Wageni wakaketi. Puri za moto, vile vimkate vilivyofura kwa mafuta, zikaletwa. Wanawake wakamtazama Sonmati aanzishe. Akafumba mdomo.

"Vipi, bibi?" akauliza Ramashish, baba wa bwana harusi. "Leo hatutukanwi? Tumekosa nini?"

"Mmekuja na mtukanaji wenu, mkwe. Si huyo anabweka garini?"

"Aa! Na wewe je? Mwaka jana uliimba harusini kwamba mbuzi alikula suruali ya kaka yangu!"

"Nilimwimbia usoni, akaniomba nirudie. Huyo wenu anamtukana mtoto asiyemjua. Mtoto yuko jikoni. Nenda kamwulize kama amecheka."

"Ni muziki tu, bibi."

"Basi kuleni na muziki."

Hakuna aliyemega puri. Nani ale karamu ya ukwe bila kutukanwa, kama ombaomba?

Birju, mwanawe Sonmati na baba wa bibi harusi, akaja mbio, jasho likimtoka. "Mama, utaniharibia harusi ya binti yangu!"

"Binti zako ni wawili, Birju. Huyu anaolewa. Yule je?"

Birju akageuka kuangalia jikoni.

Ramashish akazitazama puri zikinywea. "Zima!" akamfokea dereva.

"Nipunguze, mzee?"

"Zima! Nina njaa!"

Sonmati akapandisha ushungi na kuanza na Ramashish mwenyewe, pua yake na tumbo lake, kisha akamfikia yule mwimbaji kwa jina lake kamili. Wanawake wakaitikia mpaka wazee wakapaliwa kwa kicheko.

Juhi akatokea mlangoni, macho bado mekundu.

"Bibi, yule wa baiskeli ya mbele, baba yake anaitwa nani?"

"Kedar. Kwa nini?"

"Nifundishe wimbo wa kumtukana yeye na baba yake. Kesho naenda shule."