Mkaguzi wa Mahindi

Mkaguzi wa mahindi katika kiwanda chetu cha unga wa uji wa watoto, hapa karibu na Kyambogo, haamini gunia la juu. Mimi ni mpakuzi wa magunia, namwona kila siku. Lori likifika hupanda mwenyewe, kitambaa kichwani, na kutuagiza tufikie kwanza magunia ya katikati. Hulichoma gunia kwa chuma chenye tundu, humwaga punje kiganjani, huzinusa, kisha huuma moja na kusikiliza inavyovunjika. Hapandishi sauti. Husema “shusha” au “rudisha”, basi.

Juzi lori lilikuwa la Okidi, mdogo wa mumewe. Magunia ya katikati yakatoa punje zenye ukungu wa kijani.

“Shemeji, ni mvua tu ya njiani,” Okidi akamwambia. “Changanya na ile nzuri, nani atajua?”

“Rudisha.”

“Mimi ni mtu ya kwenu! Unanimaliza kabisa.”

Mkaguzi akamnyooshea kiganja chenye zile punje. “Mtoto wako Ayaa, utampikia uji ya hii?”

Okidi akaingia kwenye lori, akawasha injini, akachungulia dirishani. “Jumapili usikanyage kwangu Mbuya.”

“Nitakuja,” akasema mkaguzi. Lori likatoka getini. Akajifuta mikono kwenye aproni, akalipungia lori lililofuata liingie.