Daktari wa Jumapili

Saveta Murgoci alikuwa mjane, mshonaji wa mapazia katika mji mdogo wa Rumania. Mwanawe wa pekee, Ilie, alifungwa miaka mitatu kwa kuiba nyaya za shaba za reli. Kijana huyo alikuwa na kisukari tangu utotoni.

Jumamosi moja ya Februari Ilie alizidiwa. Daktari wa gereza hakufanya kazi mwisho wa wiki. Wenzake wa chumba kimoja waligonga mlango wa chuma mpaka mikono ikawavimba, wakajibiwa wasubiri Jumatatu. Jumatatu Saveta alipigiwa simu aende kuchukua maiti.

Wiki mbili baada ya maziko alipanda basi lile lile la Alhamisi lililokuwa likimpeleka kumwona Ilie, akajiunga na foleni ya wanawake kwenye lango la gereza. Mioara, ambaye mumewe alikuwa ndani, akamshangaa.

"Mama Saveta, huna tena wa kumwona. Umefuata nini huku?"

"Nimewafuata nyinyi. Tia sahihi hapa, mwanangu. Tunataka daktari siku zote saba."

Mioara aliisoma ile karatasi, akairudisha. "Wakiona jina langu watamhamishia mume wangu mbali. Wewe mwenzangu huna cha kupoteza."

Foleni nzima ikamgeukia. Mioara akainamisha macho.

"Ni kweli, sina," Saveta akasema. "Ndiyo maana jina langu nimeliweka la kwanza."

Mioara alitia sahihi Alhamisi iliyofuata. Askari wa langoni walimwita Saveta bibi wa makaratasi, wakamwambia akashone mapazia yake. Alikuja kwenye mvua, akaja kwenye jua. Kufika kiangazi alikuwa na majina mia mbili na kitu. Aliyapeleka mji mkuu, akasimama siku nne mbele ya wizara inayosimamia magereza na picha ya Ilie kifuani, hadi karani mmoja akatoka kuyapokea.

Mwezi Novemba daktari wa mwisho wa wiki akaanza kazi.

Jumapili moja Mioara alimpigia Saveta simu. "Mume wangu alibanwa na kifua jana, mama. Daktari akamuwahi. Yuko salama."

"Mungu ashukuriwe, mwanangu," Saveta akasema, na alimaanisha.

Alipokata simu alikaa kitako sakafuni katikati ya vitambaa, akalia kwa wivu. Wivu huo aliuonea aibu, na hakuwahi kumwambia mtu.