Mapapai ya Mama Kando ya Jalala

Wahaya tunasemwa kwa majivuno, na mama yangu hajawahi kufanya lolote la kutuondolea sifa hiyo. Mgeni akifika kwetu Miembeni, kabla hajakaa vizuri huwa amekwisha zungushwa nyuma ya nyumba kuonyeshwa mapapai. Na yalikuwa makubwa kweli, moja la kubebwa kwa mikono miwili.

Siri ilikuwa jalala lililo nyuma ya uzio wetu. Mama amekulia Nshamba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, na huko kila kinachofagiwa ndani huishia kwenye shina la mgomba: maganda, majivu, nyasi kuukuu zilizokuwa zimetandikwa sakafuni. Alipohamia kwangu mjini akaona watu wanatupa mali. Akawa anachota udongo mweusi wa jalalani kwa ndoo na kuumwaga kwenye mipapai. Kwamba taka za siku hizi zina betri na makopo ya rangi, hilo halikumjia. Mimi lilinijia, maana nafundisha kemia sekondari. Lakini mapapai yalikuwa matamu, na sifa nilikuwa nazipata na mimi, nikanyamaza.

Kisha wakapita watafiti waliokuwa wakipima majalala ya mji, wakachukua udongo, majani na matunda. Majibu walinikabidhi mimi: madini ya risasi yamo kwenye udongo, na yamo kwenye papai lenyewe, kupita kiasi kinachoruhusiwa. Nilimweleza mama jikoni, akimenya ndizi.

"Nikiyaosha?"

"Yamo ndani, Mama. Hata ukiyapika hayatoki. Na wanaodhurika zaidi ni watoto, hata walio tumboni."

Aliweka kisu chini. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza, na mama alikuwa akimpelekea papai kila Jumapili baada ya misa.

Nilishauri tuache tu kumpelekea, yaishe kimya kimya. Mama alitoka na panga akaikata mipapai yote, akanawa, akabadili kitenge, akaenda kwa jirani. Nikamfuata.

"Mapapai niliyokuwa nakuletea yana sumu, waitu," alimwambia pale mlangoni, kwa neno letu la heshima. "Nilikuwa natilia mipapai udongo wa jalalani. Sikujua, lakini ni mimi niliyekulisha."

Jirani alishika tumbo. "Mtoto atakuwa salama?"

"Sijui, mwana wange. Vaa viatu twende hospitali."

Nimesimama mbele ya ubao miaka mingi na sijawahi kukiri kwamba sijui kwa ujasiri ule. Nilimwonea mama fahari, na nafsi yangu nikaionea haya.

Hospitalini muuguzi alisema damu itapelekwa kupimwa mbali, tusubiri majibu. Akafungua kadi ya kliniki, akauliza matunda hayo yalitoka kwa nani. Nilikwisha fungua mdomo kusema sokoni. Mama aliniwahi.

"Kwangu," akasema. Kisha akamtajia jina lake lote, la ubatizo, la kwao na la mume wake, polepole, akiinama juu ya meza mpaka alipoona limeandikwa.