Besi Nyeusi na Besi ya Njano

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia Bariadi na mizani yao, bendi ya matarumbeta ya kanisani kwetu ilikuwa na besi moja tu. Besi ndilo jina tuliloipa tuba, tarumbeta kubwa kuliko yote, ambalo mpigaji hulipakata mapajani na mdomo wa chombo ukatazama juu. Mpigaji wetu alikuwa amehamia Geita kutafuta dhahabu. Mwalimu wa bendi akapita kwenye kwaya akitafuta mtu mwenye pumzi, akanichagua mimi. Nilikuwa mke wa mtu, nashona nguo sokoni, na sikuwahi kushika tarumbeta.

Besi yenyewe waliiacha wamisionari, nayo ilikuwa imechovywa fedha. Nilipoipokea ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Mwalimu, fundi mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, alinifundisha kuisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Weupe ukatokea mpaka nikajiona sura. Msimu wa mvua ulipoingia, weusi ukarudi.

"Fedha ndivyo ilivyo," mwalimu alisema. "Inataka mtu wa kuitunza."

Kisha mmoja wa wale wanunuzi wa pamba, muumini mwenzetu, akatuletea besi ya pili kutoka Dar es Salaam. Ilikwishatumika, lakini iling'aa njano kiasi kwamba watoto waliamini ni dhahabu. Mwalimu aliigeuza huku na huku, akaikwaruza kidogo kwa ukucha, akasema ni shaba iliyopakwa vanishi. "Hii usiipake dawa yoyote. Kitambaa chenye unyevu, basi."

Kuanzia siku hiyo alishika msimamo mmoja: besi ya fedha ina sauti nzito na tulivu, ya vanishi ina sauti ya makelele. Wanabendi wote wakaitikia. Mimi niliyezipiga zote mbili nilikuwa na mashaka. Tofauti niliisikia kweli, lakini ile ya fedha ilikuwa pana zaidi na imebonyea kiunoni, na ya njano ilikuwa nyembamba. Nilijiuliza nitajuaje kama kinachobadilisha sauti ni rangi au ni umbo.

"Mwalimu," nilimwambia siku moja, "chini ya fedha si kuna shaba? Na chini ya vanishi?"

"Shaba."

"Basi huoni kwamba kinacholia ni shaba ileile?"

"Mayu," akanijibu, kwa lile neno la Kisukuma la kumheshimu mama, "wewe ni mshonaji. Kitambaa kimoja ukikitia bitana na kingine usikitie, vitaanguka mwilini sawasawa?"

Nilirudi kwenye cherehani yangu nikaendelea kuwaza.

Mwaka huo kanisa lilibadilishiwa mabati, kwa hiyo vyombo vikagawanywa majumbani visinyeshewe. Mimi nilipewa besi ya njano. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Nkoma kututembelea, mwanamke wa ng'ombe na mashamba ambaye hakuweza kukaa bure hata nusu saa. Jumamosi, nikiwa sokoni, alisikia kwamba kesho yake tutapiga kwenye harusi ya jirani. Akaitazama besi, akaona ina alama za vidole, akaona haya kwa niaba yangu. Akachukua majivu, mchanga na stilwaya.

Niliporudi nilimkuta ameketi uani kwenye mkeka, besi imelala kwenye miguu yake iliyonyooshwa. Vanishi ilikuwa imetoka mabaka mabaka, mahali pengine inaning'inia kama ngozi ya mtu aliyeungua jua.

"Mwanangu," alisema, "chombo hiki kina ukoko ambao sijawahi kuona. Lakini unatoka."

Nilitaka kulia. Nikamtazama, mikono imejaa majivu, uso umejaa furaha ya kazi, nikashindwa kumwambia. Ndipo wazo likanijia. Besi ni ileile, umbo ni lilelile, vanishi tu ndiyo inaondoka. Nikaketi kando yake, nikachukua kipande cha stilwaya, tukamalizia pamoja.

Jioni ile niliipiga uani. Nilisikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza kitu chochote. Sikusikia tofauti. Nilichokiona kipya ni harufu ya shaba iliyobaki viganjani, na ukijani kidogo kwenye vidole. Mama mkwe akaomba kujaribu. Alipuliza mara ya kwanza hewa tupu, ya pili ikatoka sauti nene ya kutetemeka, naye akajishika midomo.

"Inawasha," akasema, akapuliza tena.

Kesho yake kwenye harusi, mwalimu aliitazama besi kutoka juu hadi chini. Tulipiga. Tulipopumzika akaja karibu. "Umesikia? Imefunguka. Vanishi ilikuwa imeibana."

"Mimi nasikia ileile, mwalimu."

"Kwa sababu wewe uko nyuma yake. Sisi tuko mbele."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikachukua kijiti cha kuongozea mkononi mwake, nikamkabidhi mpiga tarumbeta dogo, nikampa mwalimu besi aipige, nami nikasimama mbele kati ya wageni, nimefumba macho. Bado sikusikia. Lakini kwa kweli sikuwa na hakika tena kwamba ninakumbuka sauti ya juzi.

Nilikuwa nikimwogopa yule mnunuzi wa pamba aliyetuletea besi hiyo. Alikuwepo, akaiona ilivyofifia, na kabla sijafungua mdomo mama mkwe akasimama. "Nimeisugua mimi," akamwambia.

Yule mtu akapitisha kiganja kwenye shaba. "Mama, umeisugua vizuri," akasema, akamletea kiti.

Mwalimu alihamia Maswa baadaye. Tukikutana mnadani, salamu zikiisha, huniuliza, "Bado husikii?"

"Bado."

"Endelea kusikiliza," husema, nasi tunaenda kutafuta chai.