Aliyemrudisha Winrose Lanet

Winrose alipofika Subukia jicho likiwa limevimba, mama mkwe wake, Wangui, alichemsha maji akamkanda, akampa chai, kisha akamrudisha kwa bwanake Lewis, huko Lanet.

"Vumilia," alimwambia. "Lewis ataacha. Hata babake aliacha."

Huo ulikuwa uongo. Babake Lewis hakuacha kumpiga Wangui hadi kiharusi kilipomlaza kitandani. Lakini Wangui alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, ndiye aliyewashauri maharusi, na aliogopa watu waseme mwanawe ameachwa. Aliwasindikiza Winrose na bintiye Kui, ambaye jina lake ni kifupi cha Wangui, la nyanya yake, hadi steji, akasimama pale mpaka gari likaondoka.

Mahindi yakavunwa, mengine yakapandwa. Winrose akaja tena, safari hii bila alama yoyote usoni. Alibeba nguo za Kui, zote zimefuliwa na kupigwa pasi, hata sweta ya shule ambayo bado ilikuwa kubwa kwake.

"Mami, nimekuletea Kui akae na wewe," alisema polepole. "Najua utamlea vizuri."

"Na wewe unaenda wapi?"

"Mimi niko tu sawa."

Utulivu ule ndio uliomtisha Wangui. Aliujua. Lewis akiwa bado anatambaa, yeye mwenyewe aliamka asubuhi moja ametulia hivyo hivyo, ameshaamua kufa, akafagia nyumba yote. Jirani aliyekuja kuomba chumvi akakaa hadi jioni, na ile siku ikapita. Hakuwahi kumwambia mtu.

Akamvuta Winrose kwenye kiti. "Niambie ukweli. Unataka kujiua?"

Winrose alizikumbatia zile nguo za Kui. "Si ati nataka kufa, Mami. Nataka tu iishe. Na huko nyumbani sioni mahali inaishia."

"Mimi pia nilishafika hapo," Wangui akasema. "Nilikuwa najua, na bado nikakurudisha."

Hakumwacha peke yake. Alimwomba jirani akamue ng'ombe na kumwangalia Kui, akampeleka Winrose hospitalini Nakuru, akaketi naye kwenye benchi mpaka wakaitwa. Mshauri, mwanamke aliyeitwa Cheptanui, alimsikiliza Winrose bila haraka. Alipouliza kama kuna mtu mwingine wa familia aliyejua kuhusu kipigo, Winrose aliinamisha macho. Wangui ndiye aliyejibu.

"Mimi nilijua."

Jumapili, Lewis alifika Subukia kumchukua mkewe. Wangui alimkuta langoni na hakufungua.

"Mami, si ni wewe ulimwambia avumilie?" Lewis aliuliza. "Leo umegeuka?"

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. "Nilikosea," alisema. "Na wewe nilikukosea, nikikuonyesha kwamba mwanamke anapigwa na maisha yanaendelea. Rudi Lanet. Winrose haendi."

Lewis aliondoka akitukana. Tangu hapo hapokei simu za mamake. Kesi iko kwa polisi, na Wangui aliandikisha taarifa dhidi ya mtoto wake wa pekee. Kanisani kuna wanaomsalimia kwa mbali. Maharusi hawashauri tena; mwenyewe ndiye aliyeomba aachishwe.

Winrose sasa amepanga chumba Nakuru, anaishi na Kui, anashona sare za shule, na huenda kwa Cheptanui. Kuna wiki ambazo hali bado humwia ngumu, lakini siku hizi akilemewa hupiga simu.

Juzi Wangui alimtembelea. Walikuwa wakimenya viazi alipouliza jambo lililokuwa likimnyima raha.

"Hiyo siku ya kwanza, ukikuja na jicho. Ulikuwa umeanza kufikiria kufa?"

Winrose aliweka kisu chini. Angeweza kumdanganya ili amtulize.

"Hapana, Mami," alisema. "Nilianza kwa gari, nikirudi."

Wangui hakulia. Aliomba msamaha, na Winrose akamwambia alishamsamehe. Kisha wakamaliza viazi, Wangui akikata vyake vidogo vidogo mno, bila kuinua macho.