Nilivyomfuata Baraka Khon Kaen

Ndugu wa Louisville na Columbus mmenipigia simu sana tangu nirudi, kila mmoja akitaka kusikia ya Thailand, na kila mmoja nimemwambia kipande tu, kwa kuwa simu zenu hunikuta kwenye mapumziko ya kazini. Basi nimeona niandike yote mara moja, toka mwanzo.

Safari hii ilitokana na simu isiyo na sura. Mdogo wangu Baraka aliondoka kambi yetu ya wakimbizi huko Uganda akiwa na miaka kumi na minane. Alichukuliwa na mtu aliyekuwa akitafutia wachezaji timu ndogo za mpira huko Asia. Sisi tuliobaki tukaletwa Marekani, baba akiwa tayari amezikwa kulekule kambini. Baraka alicheza winga, kwanza Bangkok, kisha Khon Kaen, mji wa mkoa kaskazini-mashariki mwa Thailand. Kila Jumapili alimpigia mama. Ila kwa miaka mitatu ya mwisho alitoa sauti tu, uso hakuuonyesha. Mara kamera imeharibika, mara mtandao mbaya, mara yuko kwenye basi la timu. Mama, ninayeishi naye Lower West Side hapa Buffalo, akawa anazunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza funguo.

Siku nilipopata pasipoti yangu ya Marekani, mama aliifungua mezani akaitazama picha yangu kwa muda.

"Bon," alisema. "Hii kitabu inaweza kufika kwa Baraka?"

"Inaweza, mama."

"Donc enda. Mi nimechoka na sauti. Nataka macho yako imuone."

Buffalo, mwisho wa Februari. Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye makao yao, na msimamizi wangu alinipa likizo ya siku kumi na nne. Niliondoka theluji ikiwa imefika madirishani. Mama alinipa kilo mbili za unga wa muhogo, sweta aliyomnunulia Baraka, na Biblia ndogo. Kwenye ndege ya Chicago sikusoma, sikulala. Kwenye ile ndefu ya kwenda Tokyo nilisimama nyuma karibu na choo mpaka mhudumu akaniuliza kama ninaumwa. Sikuwa ninaumwa. Nilikuwa nikijiuliza mtu anaficha nini usoni kwa miaka mitatu. Nilifikiria jela. Nilifikiria dawa za kulevya. Nilifikiria hata kwamba anayepiga si Baraka, ni mtu aliyejifunza sauti yake.

Khon Kaen, saa sita mchana, siku ya tatu tangu niondoke. Nilitoka nje ya uwanja wa ndege nikiwa bado nimevaa buti za baridi, joto likanishika shingoni kama mkono. Baraka hakuwepo. Alikuwepo mama mmoja mfupi wa miaka sitini na kitu, mwenye kofia pana, ameshika karatasi iliyoandikwa jina langu, NYOTA. Aliunganisha viganja vyake kifuani akainama, nami nikainama. Kisha akajigusa kifua: "Mae Bua." Mae ni mama kwa lugha yao. Nilikuwa nimewahi kumsikia. Ndiye aliyempangishia Baraka chumba.

"Baraka yuko wapi?" niliuliza kwa Kiingereza.

"Balaka," alisema, akaelekeza kidole mbele, kisha akanishika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika kwenye gari la jirani yake.

Njiani mji ulionekana wa kawaida tu: maduka ya simu, karakana za pikipiki, waya za umeme zilizosongamana juu ya barabara. Angani kulikuwa na ukungu wa moshi. Vipande vyeusi, vyepesi kama nyuzi, vilishuka vikatua kwenye kioo cha gari. Baadaye niliambiwa ni majivu ya mashamba ya miwa. Wakulima huyachoma kabla ya kuvuna, na joto kali linapokaribia, mji mzima hufua nguo na kuzifua tena.

Tulivua viatu mlangoni. Baraka alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, shuka limefunika miguu. Uso wake ulikuwa mzima, mnene kidogo, wenye tabasamu lilelile la baba. Niliangua kilio cha furaha nikaenda kumkumbatia, na goti langu likatua kwenye shuka mahali ambapo palipaswa kuwa na mguu. Palikuwa patupu.

"Yaya, usikasirike," alisema sikioni mwangu. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Mguu wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti. Ilikuwa ajali ya pikipiki, akitoka mazoezini, gari la mizigo lilimgonga. Mkataba wa timu ulikwisha akiwa bado hospitalini. Mae Bua, ambaye alikuwa mwenye nyumba tu, ndiye aliyekwenda kumchukua.

"Ju ya nini haukusema?" nilimuuliza.

"Ningesema nini? Mama, ule mtoto wako wa mbio, mguu imekatika? Nilikuwa nangoja nizoee kwanza. Kisha mwaka ikapita. Kisha ingine."

Asubuhi iliyofuata, saa mbili ya Khon Kaen ikiwa saa mbili usiku Buffalo, mama alipiga. Baraka alinitazama akitikisa kichwa. Nikapokea kwa sauti tu.

"Umemuona?"

"Nimemuona, mama. Iko mzima. Amenenepa."

"Mpe simu, washa kamera."

"Ameenda mazoezini," nikasema. Ilitoka mdomoni kirahisi hivyo. Baraka aliinamisha kichwa.

Siku nne nilisema uongo huohuo, nikiubadilisha nguo tu. Na siku nne hizo sikuweza kukaa. Kabla jua halijapanda nilikwenda kuzunguka ziwa lililo katikati ya mji, nikipita wazee wanaofanya mazoezi ya viungo kwa muziki. Nilipomaliza mzunguko mmoja nilianza wa pili. Ikifika saa nne joto lilinirudisha ndani, na ndani nilifagia. Nilifagia majivu mlangoni, yakaanguka mengine, nikafagia tena. Baraka naye hakutulia. Asubuhi alikwenda shule moja kufundisha watoto mpira, amevaa mguu wake bandia, na jioni alisimama kwenye kibanda cha Mae Bua kando ya barabara akigeuza kuku juu ya makaa. Mae Bua alitwanga papai bichi kwenye kinu kwa pilipili na ndimu. Ukifumba macho ungesema mtu anatwanga sombe, yale majani yetu ya muhogo. Wali wao ni wa kunata, unaufinyanga kwa vidole kama bugali. Nilikula vizuri. Nikimtazama mdogo wangu, niliona jambo ambalo hakusema: kila baada ya dakika chache alihamisha uzito wote kwenye mguu wa kushoto, na jasho la usoni mwake halikuwa la makaa peke yake.

Siku ya tano tangu nifike, jioni, kibandani. Alikuwa akimpa mteja mfuko wa kuku alipoyumba, akashika meza, meza ikainama, kuku wakamwagika. Mae Bua alipiga kelele. Nilimkalisha kwenye kreti ya soda, nikapandisha suruali. Soksi ya kigutu ilikuwa na damu.

"Vua."

"Yaya, watu wanaangalia."

"Waangalie. Mi njo kazi yangu hii kila siku. Vua."

Alivua. Kidonda kilikuwa upana wa kikombe, chekundu pembeni, katikati kimeanza kuwa cheusi. Kwa kazi yangu nimeona vidonda vingi. Hiki kilikuwa cha majuma, si cha siku moja.

"Kila mwaka joto ikikaribia inavimba," alisema polepole. "Mguu bandia inabana, jasho inaingia. Safari hii imekataa kupona."

"Na hospitali?"

Mae Bua alisema kitu kwa ukali. Baraka hakutafsiri.

"Anasema nini?"

"Anasema amenibembeleza mwezi mzima."

"Na wewe?"

Hapo ndipo aliponifokea, mbele ya wateja. "Watakata tena! Unajua? Walianza na chini ya goti. Sasa watapanda juu. Wakikata goti sitasimama tena, shule itanifukuza, nitabaki mtu wa kulishwa na mwanamke mzee. Heri hii kidonda. Hii naweza kuificha."

Niliogopa kama yeye. Nilijua kilichoanza kuwa cheusi kinaweza kwenda wapi. Nilimwambia tu kwamba kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimesimama mlangoni na viatu, na kama haji, nitampigia mama nimwashie kamera hapohapo. Nilisema hivyo bila huruma.

Siku ya sita, hospitali ya mkoa. Alikuja. Tulikaa kwenye viti vya plastiki saa tatu nzima, sisi wawili na Mae Bua, feni zikizunguka juu bila faida. Baraka alitikisa goti lake la kushoto mpaka safu nzima ya viti ikatikisika. Daktari, mwanamke kijana, alisafisha kidonda, akabonyeza pembeni, akanusa, akaandika. Kisha akazungumza na Mae Bua kwa muda mrefu, nami nikaangalia midomo yao kama vile ningeweza kusoma hukumu.

Baraka alifunika uso kwa mikono. Nikadhani wamesema watakata.

"Anasema hawakati," alisema ndani ya viganja. "Nyama chini ingali hai. Anasema mguu bandia njo mbaya, imenibana ju nilinenepa. Majuma matatu bila kuivaa, dawa, kisha watanitengenezea ingine."

Nilicheka, nikalia, Mae Bua akanipiga begani. Kwenye karakana ya hospitali fundi alituonyesha miguu bandia iliyopangwa kwenye rafu, akaukata kwa msumeno mbele yetu ule wa zamani ili ausome ulivyombana. Akasema kipimo cha plasta atachukua uvimbe ukishuka.

Siku ya saba, saa mbili asubuhi. Baraka mwenyewe ndiye aliyempigia mama, na kamera ameiwasha. Aliketi mlangoni penye mwanga. Mama alitokea kwenye kioo na miwani yake, akisogeza uso karibu amtazame. Kisha Baraka akashusha simu taratibu mpaka kigutu chenye bendeji kikaonekana. Akaeleza yote, ajali, timu, Mae Bua, kidonda.

Nilingoja kilio. Mama aliuliza:

"Huo mguu wameuzika wapi?"

Baraka alinigeukia. "Sijue, mama. Nilikuwa nimelala. Sikuuliza."

"Miaka tatu haujauliza?"

"Niliogopa wataniambia waliutupa."

"Uliza sasa. Huyo mama iko hapo?"

Baraka akamuuliza Mae Bua, aliyekuwa akiosha majani ya ndizi karibu nasi. Yule mama aliacha kuosha. Alijibu kwa maneno machache, akionyesha upande wa barabara kuu, na mdogo wangu akatafsiri.

"Anasema hospitali walimuuliza. Akasema upewe yeye. Aliufunga kwa kitambaa kipya, akaupeleka kwa hekalu yao, mtawa akauombea. Anasema..." Alimgeukia Mae Bua, kisha kamera. "Anasema ule mguu ulitumika sana, haifai kutupwa."

Mama alivua miwani. "Mwambie aksanti," alisema. "Mwambie mama ya Baraka anasema aksanti. Na mwende mkanionyeshe."

Tulikwenda asubuhi ileile, simu ikiwa hewani. Hekalu lilikuwa umbali wa dakika kumi. Nyuma yake, chini ya ukuta uliopakwa chokaa, palikuwa na tofali moja lisilo na jina. Baraka alisimama akiegemea magongo yake. Nilishikilia simu karibu na ardhi ili mama aone vizuri. Mae Bua alipiga magoti akamwaga maji kidogo kutoka kwenye chupa, akaunganisha viganja. Kutoka Buffalo mama akaanza kuomba kwa sauti, yale maombi yake marefu ya Jumapili, akimtaja baba, akimtaja Baraka, kisha akamtaja Bua, ambaye aliinua kichwa aliposikia jina lake. Majivu yaliendelea kutua juu ya tofali, na safari hii sikuyafagia.

Siku nne zilizobaki niliosha kidonda asubuhi na jioni na kumfundisha Mae Bua kubadilisha bendeji. Nilimwomba Baraka afikirie kuja kwetu. Alisema atafikiria, na nikajua jibu. Kwenye uwanja wa ndege, Mae Bua akiwa pamoja nasi, alinirudishia sweta.

"Mpe mama akuvalishe wewe," alisema, na wote watatu tukacheka, jasho likitutiririka.

Buffalo, alasiri, theluji imeanza kuwa tope. Mama alinikaribisha kwa chai, akangoja nimalize kikombe kizima.

"Sasa tuongee," alisema. "Siku ine uliniambia iko mazoezini."

Nilianza kueleza kwamba nilitaka kumkinga, kwamba Baraka aliniomba, kwamba niliuhofia moyo wake.

"Nilijua siku ya kwanza," alinikata. "Haukuongea na mimi kama mtoto wangu. Uliongea polepole, na utamu mingi, vile unaongea na wale wazee wako wa kazini."

Alisema kweli. Nilikwenda kwa sababu ndugu yangu alimficha mama uso wake, na nilipofika nikaficha pamoja naye, nikaiita huruma. Mama aliyezika mume na kuvuka nchi tatu nilimfanya mtu wa kuogeshwa na kulazwa. Jambo la kwanza alilouliza alipoujua ukweli lilikuwa swali ambalo sisi wawili, wazima na vijana, tulikuwa tumeliogopa.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Usinifanyie tena."

"Sitafanya."

"Bon," alisema, akasogeza kiti chake karibu na changu. "Anza tena. Niambie kidonda ilikuwa kubwa namna gani."