Kumtisha Mtu na Kuingiwa na Woga, kwa Kihispania

Siku yangu ya kwanza kazini nilitembea toka kwetu Mchafukoge hadi bandarini, moyo ukinidunda kwa furaha! Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Kuba, na sasa nilikuwa mkalimani wa Kihispania.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, binti," alijibu Mkuu wa Gati. "Wanachosema, sema. Usitie chumvi, usipunguze."

Asubuhi hiyo meli ya Kuba ilikuwa imeleta mashine. Makuli, wapakuaji wa mizigo, waligoma kushuka tumboni mwa meli. Kiongozi wao, Mzee Chande, mtu wa Lindi, alisema waya wa winchi ya kunyanyulia mizigo umechakaa.

Kapteni akafoka: "¡Se acobardaron!"

Nikakurupuka: "Anasema wametishwa!"

"Na nani?" Mkuu aling'aka. Makuli nao wakachachamaa, wakitaka kumjua huyo aliyewatisha.

Hapo nikagundua kosa. Acobardar ni kumtia mtu woga. Ukitanguliza se, mtu kaingiwa na woga mwenyewe. Kosa langu liliwasitiri. Ukweli ulikuwa tusi. Kuna na achicarse, kunywea. Basi nilinywea hasa! Nikajikaza.

"Samahani, ndugu zangu, nimekosea. Amesema mmeingiwa na woga."

Mzee Chande akacheka. "Mwambie ndiyo, tumeogopa. Kama yeye haogopi, ashuke asimame chini ya mzigo."

Nikatafsiri yote. Kapteni akauendea waya, akapitisha mkono. Nyuzi zilizokatika zikamchana kiganja. Akaitazama damu.

"Tiene razón," alisema polepole.

"Anasema mzee yuko sahihi!" nilipaza sauti, nusura niruke. Waya ukabadilishwa, makuli wakashuka wakiimba.

Mchana kapteni aliniita. "Quise amedrentarlo," alisema. Yaani alikuwa ametaka kumtia mzee hofu. Nikaupeleka ujumbe kwa Mzee Chande.

"Mwambie ajaribu na kesho," akajibu, akicheka mpaka machozi.

Baadaye nilihamishiwa wizarani, kisha hospitali walikofanya kazi madaktari wa Kuba, chini ya Mganga Mkuu asiyependa maneno mengi. Huko nilitafsiri habari nzito kuliko matusi ya kapteni.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama kazi ile ilinitisha. Ilinitisha, wanangu, karibu kila siku! Lakini sentensi ya mtu niliifikisha mpaka nukta yake, hata midomo ilipokuwa ikitetemeka.